Toleo la kwanza: kigeuze kitabu kabla hujakilipia

Ndugu na jamaa wanaojua ninakusanya matoleo ya kwanza ya riwaya za kisayansi hunitumia picha za walichookota kwenye maduka ya mitumba. Karibu wote hupiga jalada la mbele na ukurasa wenye maneno "First Edition" (toleo la kwanza). Mimi ninayoitaka ni picha ya nyuma.

Kwa riwaya za Marekani za miaka ya 1950 hadi 1980, kinachowaliza wanunuzi ni nakala za klabu za vitabu. Wachapishaji Doubleday walianzisha klabu ya Science Fiction Book Club mwaka 1953, wakawa wanawachapia wanachama vitabu vya bei nafuu. Ni vitabu halali, ila si toleo la kwanza, hata kama maneno "First Edition" wakati mwingine yamebaki humo ndani.

Basi ivue ile jaketi ya karatasi. Pitisha kidole gumba kwenye jalada gumu la nyuma, kona ya chini karibu na mgongo. Ukigusa kijishimo, kiduara au kimraba kilichobonyezwa, umeshika nakala ya klabu. Mara nyingi hakina rangi, kwa hiyo mulika tochi kwa ubavuni kivuli kijitokeze. Kisha tazama kunjo la mbele la jaketi. Nakala ya dukani huwa na bei. Ya klabu haina. Kona ya juu ikiwa imekatwa, huenda mtu aliondoa bei kwa kuwa kitabu kilikuwa zawadi, nalo si kosa. Ikikatwa kona ya chini, mimi hukirudisha mezani, maana hapo ndipo yanapokaa maneno "Book Club Edition" (toleo la klabu).

Hapa Pennsylvania, maktaba zinapouza vitabu vya zamani, ninachokitafuta kwanza ni riwaya ya Dune. Ilichapishwa na Chilton wa Philadelphia mwaka 1965, kampuni iliyojulikana zaidi kwa vitabu vya kutengeneza magari. Kitambaa cha jalada ni cha buluu, maandishi ya mgongoni meupe, na jaketi ina bei ya $5.95. Bei hiyo isipokuwepo, tulia kwanza.

Doubleday wenyewe waliweka herufi na tarakimu ndogo kwenye kurasa za mwisho, ndani kabisa kwenye mshono. Wauzaji wengi wakiziona husema "klabu!" Wanakosea: nakala za Doubleday za dukani nazo zinazo. Kwa vitabu vya Doubleday, tafuta "First Edition" pamoja na bei.

Usidharau vya jalada laini. Riwaya ya Neuromancer ilitoka kwa wachapishaji Ace, Julai 1984, ikiwa ya jalada laini. Ya jalada gumu ya Gollancz ilifuata. The Hitchhiker's Guide to the Galaxy nayo ilianza kwa Pan, Uingereza, 1979, jalada laini vilevile. Nimeona watu wakiviacha hivi kwenye boksi la bei ya chini wakikimbilia kitabu cha jalada gumu cha pembeni, na roho huniuma.

Kwa vya kale zaidi, soma ukurasa wa jina herufi kwa herufi. The Time Machine ya Henry Holt, New York, 1895, ilitoka kwanza na jina la mwandishi likiwa limekosewa: "H. S. Wells" badala ya H. G. Wells. Ukiikuta S hiyo, usimruhusu mtu akushawishi kuwa ni kasoro ya kupunguzia bei.