Ipe akili mnemba daftari la mauzo kabla ya kuiomba ushauri

Mwenye duka la vifaa vya ujenzi anayeiuliza programu ya akili mnemba kama ChatGPT namna ya kukuza biashara hupata majibu ya jumla yasiyomfaa, kwa sababu programu hiyo haijui chochote kuhusu duka lake. Aanze na daftari. Aandike mauzo ya miezi mitatu katika jedwali lenye tarehe, bidhaa, idadi, bei ya kununulia na bei ya kuuzia, kisha aulize jambo mahususi: ni bidhaa zipi zinazokaa rafuni muda mrefu huku zikiwa zimeshika mtaji, na ni wiki zipi za mwezi ambapo saruji huisha kabla ya mzigo mpya kufika. Hapo ndipo faida ya kweli ilipo. Majina na namba za simu za wateja, hasa wanaokopa, viondolewe kwanza, kwani taarifa za aina hiyo zinalindwa na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya Tanzania ya mwaka 2022, na Kenya inayo yake tangu 2019. Majumlisho nayo yahakikiwe kwa kikokotoo, maana programu hizi huandika kwa ufasaha uleule hata zinapokosea hesabu.