Kabla hujapiga Windows upya

Kuna wiki niliipiga Windows mara tatu kwenye kompyuta moja. Mara ya kwanza nilijisifu. Mara ya pili nikailaumu flashi niliyotumia. Mara ya tatu mwenye kompyuta alikuwa amekaa pembeni yangu anasubiri, chumba kimetulia, ndipo nikasikia mlio kutoka chini ya kibodi: tk, tk, tk. Diski ilikuwa inakufa. Mfumo uliharibika kwa sababu mahali ulipoandikwa palikuwa panaoza, na mimi nikawa nauandika upya palepale. Baya zaidi, nilipofomati mara ya kwanza niliondoka na picha zake zote za miaka. "Fundi, si uliniambia ni Windows tu?" Sikuwa na la kujibu.

Tangu hapo kupiga Windows nimekuweka mwisho wa foleni. Si kwamba ni kazi ngumu. Ni rahisi mno, ndiyo maana tunaikimbilia. Ubaya wake ni kwamba inafuta ushahidi: kilichoua mfumo kinabaki humo, ila sasa huna tena pa kukisomea.

Kwa hiyo kabla hujagusa chochote, toa data. Windows ikiwa haiwaki kabisa, washa kompyuta kwa flashi yenye Ubuntu, mfumo mwingine wa bure, chagua kuijaribu bila kuisakinisha, kisha nakili mafaili kwenda diski ya nje. Ukikuta diski imefungwa kwa BitLocker, kufuli la Windows la kuficha data, utahitaji ufunguo wa tarakimu 48. Mara nyingi umehifadhiwa kwenye akaunti ya Microsoft ya mwenye mashine, aingie kwa simu yake autafute. Uutafute sasa, maana hata mazingira ya ukarabati ya Windows yenyewe yatakuuliza.

Ukiwa bado kwenye Ubuntu, pima diski. Programu yake ya diski inasoma takwimu za SMART, yaani rekodi ya afya ambayo diski inajiandikia yenyewe. Ukiwa upande wa Windows, CrystalDiskInfo inafanya kazi hiyohiyo. Mimi naangalia mistari mitatu tu kwenye diski ya kuzunguka: 05, C5 na C6. Ya kwanza ni sehemu mbovu zilizokwisha kuhamishwa, ya pili ni zile zinazosubiri hukumu, ya tatu ni zilizoshindikana kusomeka. C5 ikiwa si sifuri na inapanda, acha habari za kutengeneza. Tena usiendeshe chkdsk, amri ya Windows ya kukagua diski, yenye /r, kwa sababu inailazimisha diski mgonjwa isome kila sehemu yake tangu mwanzo hadi mwisho. Nimeona diski zikikata roho katikati ya kazi hiyo. Nakili kwanza diski nzima kwa ddrescue, programu ya kunakili diski mbovu, ununue mpya, uendelee juu ya nakala.

Memori nayo hudanganya. Ukitengeneza mafaili leo yakawa mazima, kesho mengine yakawa mabovu, shuku RAM kabla ya virusi. Andika mdsched kwenye Windows, kipimo chake cha memori, au acha MemTest86, kipimo kinachowashwa kwa flashi, izunguke usiku kucha.

Halafu kuna betri ndogo ya ubao mama, CR2032, ya bei ya chini kuliko kitu chochote ndani ya kompyuta. Ikiisha, mipangilio ya BIOS, programu ya ubao mama inayoiwasha kompyuta, inarudi ya kiwandani, na wakati mwingine diski inahama kutoka AHCI, namna ya kuwasiliana nayo, kwenda hali nyingine. Windows inawaka, inaitafuta diski, haioni, inatupa skrini ya bluu yenye INACCESSIBLE_BOOT_DEVICE. Ukikuta saa ya BIOS imerudi nyuma miaka kadhaa, umeshapata jibu. Badilisha betri, rudisha AHCI, na mfumo wote uliotaka kuufuta utawaka kama hakujatokea kitu.

Chuma kikiwa kizima, sasa tuingie kwenye mfumo. Ili kufika kwenye mazingira ya ukarabati, washa, na nembo ikitokea bonyeza kitufe cha kuwashia bila kukiachia hadi izime. Rudia. Mara ya tatu Windows yenyewe itakupeleka. Ukiwa unafika hadi skrini ya nenosiri, shikilia Shift ukiiambia iwake upya.

Cha kwanza kujaribu humo ni hali salama, ile inayoandikwa Safe Mode, namba 4 kwenye orodha, au 5 ukitaka na intaneti. Ikiwaka hapo, mfumo wako haujafa. Kuna draiva au programu inayoubana shingo. Mfano mkubwa ni wa 19 Julai 2024, apdeti ya CrowdStrike, kampuni ya programu za ulinzi wa kompyuta, ilipoangusha kompyuta zipatazo milioni 8.5 kwa makadirio ya Microsoft. Skrini za bluu dunia nzima, na dawa ilikuwa kuingia hali salama na kufuta faili moja linaloanza na C-00000291. Fikiria aliyefomati siku ile.

Kama tatizo limeanza baada ya apdeti, iondoe kutoka menyu hiyohiyo ya ukarabati, au rudisha mfumo kwenye alama ya siku za nyuma kama ipo. Ile ya kujitengeneza yenyewe, Startup Repair, ipe nafasi mara moja. Ikishindwa usiirudierudie.

Sasa mafaili ya mfumo. Kuna amri mbili za Windows za kuyatengeneza, sfc na DISM. Wengi wanaanza na sfc, mimi naanza na DISM, kwa sababu sfc inachukua vipuri kutoka ghala ambalo DISM ndiyo inalitengeneza. Ghala likiwa bovu, unaziba kiraka kwa kiraka kilichochanika. Kompyuta ikiwa inawaka, fungua dirisha la amri kama msimamizi:

DISM /Online /Cleanup-Image /RestoreHealth
sfc /scannow

Ya kwanza inaweza kuganda kwenye asilimia fulani kwa dakika nyingi. Iache. Ya pili ikisema imekuta mafaili mabovu ila imeshindwa kuyatengeneza baadhi, washa upya uiendeshe tena. Mara nyingi awamu hiyo ya pili inamaliza. Ikigoma, fungua C:\Windows\Logs\CBS\CBS.log na utafute mistari yenye [SR]. Humo utaona jina la faili lenyewe.

Kompyuta ikiwa haiwaki, amri hizo unaziendesha ukiwa mazingira ya ukarabati, na hapa ndipo mtego ulipo. Dirisha la amri linafunguka likiandika X:\. Hiyo X si diski yako, ni kipande cha memori kinachobeba mazingira yenyewe. Na ile uliyoizoea kuwa C inaweza kuitwa D humo. Niliwahi kusubiri muda mrefu, nikaambiwa hakuna tatizo lolote, nikafurahi, kumbe sikuwa nimeigusa Windows ya mteja. Andika diskpart, chombo cha kupanga diski, kisha list volume, tazama ukubwa wa kila moja, toka, halafu andika dir D:\ uone kama folda za Windows na Users zipo. Ukishajua herufi:

chkdsk D: /f
dism /image:D:\ /cleanup-image /revertpendingactions
sfc /scannow /offbootdir=D:\ /offwindir=D:\Windows

Hiyo ya katikati ni ya mashine iliyofia njiani kwenye apdeti: inaondoa kazi zilizobaki nusu. Ukitaka /restorehealth humo ndani, weka flashi ya Windows ya toleo lilelile na uonyeshe njia ya install.wim, faili la flashi hiyo lenye Windows nzima, kwa /source, kwa sababu huku hakuna apdeti za mtandaoni za kuchotea.

Mafundi wa zamani watakwambia unakili rejista, hifadhi ya mipangilio ya Windows, kutoka folda ya nakala zake ya RegBack. Ilikuwa dawa nzuri. Tangu toleo la 1803 la Windows 10 nakala hizo hazifanyiki tena zenyewe, na faili utakazozikuta humo zina baiti 0. Ukizibandika juu ya rejista halisi umeimaliza mashine kwa mkono wako.

Kompyuta isipoiona Windows kabisa, inasema hakuna cha kuwasha, basi kilichoharibika ni njia ya kuingilia, nyumba ni nzima. Watu wengi wanahangaika na amri ya kuitengeneza, bootrec /fixboot, inawajibu kwamba ruhusa imekataliwa, wanakata tamaa. Kwenye mashine za UEFI, mrithi wa BIOS ya zamani, mimi siigusi. Naingia diskpart, list volume, natafuta kijisehemu cha FAT32, mara nyingi cha MB 100 hivi. Tuseme ni namba 3:

select volume 3
assign letter=S
exit
bcdboot D:\Windows /s S: /f UEFI

Ikijibu kwamba mafaili ya kuwashia yameundwa, washa upya. Soma hiyo namba mara mbili kabla ya kubonyeza, na ndani ya diskpart usiandike neno clean hata kwa utani, linafuta diski nzima.

Ikibaki inawaka lakini ina vituko, menyu haifunguki, apdeti zinagoma, sfc imeshindwa, bado kuna hatua moja kabla ya kufuta. Ukiwa ndani ya Windows yenyewe, fungua ISO, faili la usakinishaji wa Windows, ya toleo na lugha ileile, bofya setup.exe, uchague kubakiza mafaili na programu. Inabadilisha mfumo chini kwa chini huku programu zako zikibaki zilipo. Haifanyiki ukiwasha kwa flashi, lazima uanzie ndani. Kwenye Windows 11 za karibuni kuna kitufe cha kazi hiyohiyo kwenye mipangilio, upande wa Recovery, kinachotumia Windows Update. Usiichanganye na Reset inayokuahidi kubakiza mafaili. Ile inabakiza mafaili kweli, ila programu zote zinaondoka, na mtu mwenye programu ya hesabu aliyoisajili miaka sita iliyopita hatakushukuru.

Na hiyo nayo ikigoma, basi data iko kwenye diski ya nje, SMART umeisoma, memori umeipima, na ufunguo wa BitLocker uko kwenye karatasi. Chomeka flashi, piga.