Jinsi ya Kuomba Halmashauri Itenge Fedha za Afya ya Akili: Mwongozo kwa Wakazi wa Moshi

Mwananchi anayetaka huduma za afya ya akili ziboreshwe katika zahanati au kituo cha afya cha kata yake hana haja ya kuanzia Dodoma. Sheria ya Afya ya Akili ya mwaka 2008 ilitungwa huko, na sera hutoka huko, lakini matumizi ya vituo vya ngazi ya msingi hupangwa katika Mpango Kabambe wa Afya wa Halmashauri. Jambo lisiloandikwa katika mpango huo ni vigumu kulipata baadaye, hata kama kila kiongozi analiunga mkono kwa maneno.

Anza kwa kuhakikisha unamwandikia mkurugenzi anayehusika. Mkazi wa Pasua, Njoro au Kiborloni yuko chini ya Manispaa ya Moshi, ilhali wa Kibosho, Uru au Marangu yuko chini ya Halmashauri ya Wilaya ya Moshi, ingawa wote huuza na kununua katika masoko yale yale ya mjini.

Zingatia pia kalenda. Mwaka wa fedha huanza tarehe 1 Julai, na madiwani hupitisha bajeti ya halmashauri kabla ya Bunge la bajeti kuanza mwezi Aprili. Barua inayofika mezani mwezi Machi huwa imechelewa, hivyo ni vyema iwasilishwe mwezi Septemba, vituo vinapojiandaa kupanga mahitaji yao.

Kabla ya kuandika, kusanya ushahidi. Mwone mganga mfawidhi wa kituo pamoja na mwenyekiti wa kamati ya usimamizi ya kituo, ambayo ndani yake wamo wawakilishi wa wananchi, uwaulize ni dawa zipi zilikosekana na kwa muda gani, kama yupo mhudumu aliyepata mafunzo ya afya ya akili, na ni wagonjwa wangapi walipewa rufaa kwenda Hospitali ya Mawenzi. Idadi hizo hutokana na vitabu vya MTUHA, yaani rejesta ambamo kituo huandika taarifa za huduma zake. Ukikwama, omba kwa maandishi kwa kutumia Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016, inayompa mwenye taarifa siku 30 za kujibu. Omba idadi tu. Majina ya wagonjwa yasionekane popote, kwa kuwa taarifa za afya zinalindwa na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na pia kwa sababu mtaani kwetu mtu akishaitwa chizi jina hilo halimtoki.

Barua yenyewe ndiyo inayohitaji umakini zaidi, na ukurasa mmoja unatosha. Iandikwe kwa Mkurugenzi, ipitie kwa Mtendaji wa Kata, na nakala ziende kwa Mganga Mkuu wa halmashauri na kwa mratibu wa afya ya akili. Kichwa kiseme moja kwa moja: “YAH: OMBI LA KUTENGEWA FEDHA ZA HUDUMA ZA AFYA YA AKILI”, kikifuatiwa na jina la kituo. Aya ya kwanza itaje tatizo kwa idadi ulizokusanya, na ya pili itaje unachoomba, kwa mfano: “Tunaomba kituo chetu kitengewe fedha za dawa za haloperidoli, kabamazepini na sindano inayochomwa mara moja kwa mwezi, zitoshe mwaka mzima, mafunzo kwa muuguzi mmoja, na kliniki mkoba mara moja kwa mwezi.” Wahudumu wakusaidie kukadiria gharama kwa bei za Bohari ya Dawa. Kwa maoni yangu, ombi la kujengewa wodi lisubiri, kwa sababu jengo ni rahisi kuahirishwa kila mwaka, wakati kifungu cha dawa kinaweza kuingizwa ndani ya ukomo wa bajeti uliopo, na ndicho kinachomzuia mgonjwa asirudi katika hali aliyokuwa nayo.

Ombi lenye saini yako peke yako halina uzito mkubwa. Liombee nafasi katika ajenda ya mkutano wa mtaa au kijiji, upate nakala ya muhtasari, kisha Mtendaji wa Kata alifikishe kwenye Kamati ya Maendeleo ya Kata, ambayo mwenyekiti wake ni diwani. Diwani akishalielewa ataweza kulitetea katika kamati ya kudumu inayoshughulikia afya na hatimaye katika Baraza la Madiwani, ambalo vikao vyake wananchi wanaruhusiwa kuhudhuria kama wasikilizaji. Unapowasilisha barua masijala, beba nakala ya pili igongwe muhuri wa kupokelewa wenye tarehe. Bila muhuri huo, ukienda kufuatilia utaambiwa tu kwamba barua haionekani.

Bajeti ikishapitishwa, uliza kwa mratibu wa afya ya akili ni kifungu gani kimebeba ombi lenu na kiasi gani kimetengwa. Kutengwa si sawa na kutolewa, hivyo kuanzia robo ya kwanza, yaani Julai hadi Septemba, mwombe mwenyekiti wa kamati ya kituo alinganishe kiasi hicho na fedha zilizopokelewa pamoja na dawa zilizoingia stoo, na tofauti itakayoonekana iandikwe katika muhtasari wa kikao.