Net ikikata ofisini usikimbilie kuchomoa ruta

Stationery nyingi za mtaani zimefungwa hivi: ruta moja ya laini au ya faiba iko ukutani, waya mmoja unashuka mpaka kwenye swichi ya poti nane iliyojaa vumbi chini ya meza, hapo ndo zinachomekwa kompyuta nne tano na printa, waifai inabaki ya wenye simu. Sasa mteja kaja kuomba mkopo wa chuo, mwisho wa maombi ni leo saa sita usiku, net inagoma. Mtu wa karibu anainuka anachomoa ruta, anachomeka, mnakaa wote mnaangalia taa. Mi nasema iache kwanza. Ukiizima unamkata na yule ambaye net yake ilikuwa inaenda vizuri tu, alafu hata ikirudi hujui kilichokuwa kinasumbua, keshokutwa mnakutana nayo tena. Angalia kwanza tatizo liko kipande gani, haichukui hata dakika tano.

Anza kwa kuuliza nani kakatika. Ni mashine moja, ni zote za waya, au mpaka simu za waifai? Chukua simu yako uunge waifai ya hapo, ila ZIMA DATA kwanza, maana simu nyingi zikiona waifai haina net zinahamia kwenye bando kimyakimya, we unasema mbona kwangu WhatsApp inaenda kumbe unakula bando lako. Kama imegoma mashine moja tu, usiguse ruta kabisa, shida ni ya hiyo mashine au waya wake au poti yake (hamisha waya kwenye poti nyingine uone). Kama zimegoma zote za waya lakini waifai inaenda, angalia swichi na ule waya unaotoka kwenye ruta kuja kwenye swichi, mara nyingi unakuta adapta ya umeme ya swichi imelegea tu.

Sasa kaa kwenye mashine inayosumbua, bonyeza Windows na R, andika cmd, bonyeza Enter, dirisha jeusi likifunguka andika ipconfig alafu Enter. Yatakuja maneno mengi, we tafuta mistari miwili, IPv4 Address na Default Gateway. Ya kwanza ni namba ya hiyo mashine, ya pili ni namba ya ruta.

Ukikuta namba inaanza na 169.254 maana yake mashine iliomba namba haikujibiwa, Windows ikajipangia yenyewe. Na hiyo huendi nayo popote. Angalia taa ya pale waya unapoingia kwenye kompyuta, kama haiwaki ni waya au poti yake. Kama inawaka, ingia kwenye ruta (kwenye kifaa kilichopata namba fungua brauza, andika namba ya ruta) uone sehemu ya DHCP, ndiyo inayogawa namba, imewekewa nafasi ngapi. Kuna ruta nimekuta zimewekewa nafasi 20 tu na kila mteja anayeingia anapewa paswedi ya waifai, simu yake inaondoka na namba inabaki imeshikwa mpaka muda wake uishe, na muda wenyewe kwenye ruta nyingi ni masaa 24. Ongeza nafasi, mfano kuanzia 192.168.1.100 mpaka 192.168.1.200, na muda upunguze uwe saa moja au mbili.

Ukikuta namba iko vizuri lakini haifanani na ya wenzake, mfano wao wote ni 192.168.1 kitu fulani, yeye ana 192.168.0 kitu fulani, hapo mara nyingi kuna ruta ya pili kwenye mtandao. Hili ndo linalopotezea watu muda kuliko yote. Inakuwaje: bosi kaleta ruta ya zamani ya nyumbani ili waifai ifike chumba cha nyuma, akachukua waya toka kwenye swichi akachomeka kwenye poti ya LAN ya ile ruta (zile za kuunga kompyuta), waifai ikaonekana, kila mtu akafurahi. Kumbe ile ruta nayo inagawa namba. Kwa hiyo mashine ikiwaka inachukua namba kwa yeyote aliyewahi kujibu, leo inapata kwa ruta yenye net, kesho inapata kwa ile isiyo na kitu, na ndo maana unasikia "hii kompyuta asubuhi inagoma mchana inakubali". Hakuna uchawi hapo. Itoe ile ruta kwenye mtandao, iunge na laptop moja peke yake, ingia kwenye seting zake ubadilishe namba yake iwe mfano 192.168.1.2 (hakikisha haipo ndani ya zile nafasi zinazogawiwa wala haitumiki na kitu kingine kama printa), zima DHCP yake, sevu, alafu irudishe kwa waya kwenye poti ya LAN. Sio ya WAN (ile ya kuingizia net toka nje). Itabaki inarusha waifai tu, namba zote zitatoka kwa ruta kubwa. Na kama ruta zote mbili zilikuwa 192.168.1.1 ndo balaa zaidi, maana mashine zinagongana hazijui 1.1 ni nani.

Namba ikiwa sawa, palepale kwenye cmd fanya ping tatu kwa mpangilio (ping ni kukibishia hodi kifaa uone kama kinajibu, unaandika ping alafu namba yake). Ya kwanza ping ile namba ya gateway. Ikijibu, wewe na ruta mko sawa, na kwa waya inatakiwa ijibu chini ya 1ms. Ya pili ping 8.8.8.8, hiyo ni namba ya Google huko nje. Ruta inajibu lakini hii inasema Request timed out? Shida iko kati ya ruta na huko nje, bando limeisha, laini haina mtandao, au faiba imekatika. Kwa wenye faiba angalia taa ya LOS, ikiwaka nyekundu mwanga haufiki kwenye kifaa, cheki kama mtu hajaukunja ule waya mwembamba nyuma ya kabati, kama haujakunjwa piga simu kwa watoa huduma, ndani humo huna cha kutengeneza. Ya tatu ping google.com. Kama 8.8.8.8 imejibu na hii inasema could not find host, ni DNS, mashine inashindwa kujua jina la tovuti ni namba gani. Weka DNS 8.8.8.8 na 1.1.1.1, alafu andika ipconfig /flushdns ifute majina ya zamani iliyoyashika.

Zote tatu zimejibu na brauza bado inalalamika kwamba tovuti sio salama? Angalia tarehe pale kona ya chini. Mashine za zamani betri ya kwenye mazabodi ikifa, ile ya duara CR2032, umeme ukikatika tu saa inarudi miaka ya nyuma, na tovuti za https zinakataa kufunguka. Rekebisha tarehe, kanunue betri.

Kuna wale wasio na ruta, wanatumia laptop moja yenye modemu au simu iliyochomekwa kwa USB alafu inagawia wengine kupitia swichi. Windows ikigawa hivo, yenyewe inakuwa 192.168.137.1, kwa hiyo wenzake wote wanatakiwa waanze na 192.168.137. Wakionyesha 169.254 ugawaji umelala, na una tabia ya kulala laptop ikirestat. Kwenye hiyo laptop fungua Network Connections, bonyeza kulia adapta INAYOLETA net (modemu au simu, sio ile ya LAN), Properties, Sharing, toa tiki, OK, rudi weka tena na uchague adapta ya LAN pale chini. Na laptop hiyo izuiwe isisinzie, ikisinzia ofisi nzima imekatika.

Kama net ipo ila inatambaa, kwanza tazama taa za swichi. Zote zikicheza kwa pamoja kwa kasi ya ajabu na hata gateway haijibu, kuna waya mmoja ncha zote mbili zimechomekwa kwenye swichi hiyohiyo. Mtu alikuwa anafagia, akaona ncha inaning'inia, akairudisha "mahali pake". Chomoa waya mojamoja mpaka taa zitulie.

Taa zikiwa za kawaida, kuna anayekula. Mara nyingi sio muvi, ni simu ya mtu inapandisha picha zote kwenye hifadhi ya mtandaoni, na upande wa kupandisha ukijaa hata kufungua ukurasa kunakuwa kazi kwa wote. Au kompyuta zinashusha apdeti za Windows kwa wakati mmoja, hizo ziwekee Metered connection kwenye seting za mtandao, apdeti nyingi zitasubiri mpaka uziruhusu usiku. Alafu fungua ukurasa wa ruta uone orodha ya vifaa vilivyoungwa. Ukikuta simu kumi na tano na ndani mko watu watano, badilisha paswedi, na hiyo mpya usiibandike ukutani.