Somo: Kufufua Volkswagen Beetle iliyoliwa na kutu, kwa kijana anayemiliki gari la zamani kwa mara ya kwanza

Nimeandika somo hili kwa sababu swali ni lilelile kila wiki. Kijana amenunua Beetle ya miaka ya 60 au 70, ameikuta imelala chini ya mwembe wa mtu, ameivuta hadi nyumbani, na jambo la kwanza analouliza ni rangi. Rangi iko katika hatua ya mwisho, na kuanzia leo atakayeniuliza nitamwelekeza hapa.

Ninaandika nikiyafikiria magari ya Pwani, yaani Dar es Salaam, Tanga na Mombasa, ambako hewa ya chumvi haiachi bati salama. Mwenye gari Arusha au Nairobi huenda akakuta kazi kidogo kuliko hii, lakini mpangilio wa hatua haubadiliki.

Hatua ya 1. Kabla hujatoa pesa, linganisha namba ya chesisi na ile iliyo kwenye kadi ya gari. Namba imegongwa juu ya mgongo wa katikati wa chesisi, chini ya kiti cha nyuma. Kwa magari ya modeli ya 1965 hadi 1969, tarakimu ya tatu inakwambia mwaka: namba inayoanza na 117 ni ya modeli ya 1967, ambayo uundaji wake ulianza Agosti 1966. Namba zisipolingana, rudi nyumbani na pesa zako.

Hatua ya 2. Toa betri, viti, mazulia na tangi la mafuta.

Hatua ya 3. Kagua kutu kwa sumaku iliyofungwa kitambaa na kwa bisibisi butu. Sumaku isiposhika, chini ya rangi kuna puti wala si bati. Bisibisi ikizama, hilo bati halipo tena, hata kama linaonekana. Usione haya kutoboa, kwa sababu tundu unalolitoboa leo lilikuwapo tangu zamani. Anza chini ya betri, upande wa kulia wa kiti cha nyuma, maana asidi iliyomwagika kwa miaka hula sakafu hapo kabla ya mahali pengine popote. Kisha pitia vizingiti vya pembeni, yaani masanduku ya bati yaliyo chini ya milango, sehemu za kuwekea jeki, kichwa cha chesisi kule mbele, na kitako cha tairi la akiba. Ukikuta chini ya gari kumepakwa lami nene, ikwangue yote. Lami ikishaachana na bati hunasa maji, na nimeona sakafu ambazo zilikuwa zimebaki lami tupu.

Hatua ya 4. Piga picha kila kitu kabla ya kukifungua, na kila kundi la bolti liwe na mfuko wake wenye maandishi.

Hatua ya 5. Bolti zinazouunganisha mwili na sakafu zinafunguliwa kwa spana ya 13. Zilowanishe kwa mafuta ya kupenya tangu siku iliyotangulia. Zikikatika upande wa kizingiti kilichooza, usihuzunike, kwani kizingiti chenyewe kinaondoka.

Hatua ya 6. Vizingiti. Hapa ndipo magari yanapouawa, kwa hiyo soma mara mbili.

Kizingiti cha Beetle ni sanduku refu la bati lenye kazi mbili. Kinapitisha hewa ya moto kutoka kwenye injini hadi miguuni mwa dereva, joto ambalo hapa Pwani hakuna aliyewahi kuliomba, na pia kinauzuia mwili wa gari usijikunje katikati, pale penye milango. Ukikikata bila kuweka egemeo, nguzo yenye bawaba na nguzo yenye kitasa zitasogeleana kwa milimita chache ambazo jicho halizioni. Utachomelea kizingiti kipya kwa furaha, utarudisha mlango, nao hautafunga, na kuanzia hapo hakuna jeki wala nyundo itakayokurudishia mwanya ule mpaka ukate upya kila ulichokichomelea.

Kwa hiyo, gari likae mahali tambarare juu ya stendi zilizowekwa chini ya chesisi, na milango iwe imefungwa mahali pake. Pima mwanya wa kila mlango juu, katikati na chini, kisha pima uwazi wa mlango kwa mshazari, na vipimo hivyo viandikwe kwenye karatasi, visibaki kichwani. Baada ya hapo chomelea paipu ya mraba ya inchi moja kutoka nguzo ya mbele hadi nguzo ya nyuma, mbili kwa kila uwazi wa mlango, na nyingine ivuke kutoka upande wa kushoto wa gari hadi wa kulia. Paipu zikae upande wa ndani, ili mlango uweze kufungwa na kufunguliwa wakati wote wa kazi, kwa sababu mlango ndio utakaokwambia kama mambo yanakwenda mrama.

Kata upande mmoja tu. Narudia: upande mmoja, uumalize, ndipo uguse wa pili. Kama sakafu ya upande huo nayo imeoza, itangulie sakafu, kwa sababu sakafu iliyonyooka ndiyo kipimo cha kizingiti. Kizingiti kipya kifungwe kwa bolti juu ya sakafu kabla hakijaguswa na moto. Kati ya mwili na sakafu kuna ukanda wa mpira, na mpira huo ungeungua ukiachwa hapo, hivyo weka vipande vya bati vyenye unene uleule. Wanaosahau unene huo hushangaa mwishoni kwa nini mwili umekaa chini kuliko ulivyokuwa. Kishike kizingiti kwa nukta chache za moto, funga mlango, pima tena na ulinganishe na karatasi. Vipimo vikikubali, ndipo unapochomelea mshono wote, tena kwa kurukaruka kutoka mahali hadi mahali ili bati lisipate joto sehemu moja na kujipinda.

Tahadhari tatu za hatua hii. Kwanza, bomba la mafuta la Beetle linapita ndani ya mgongo wa katikati, kwa hiyo kutoa tangi hakutoshi: bomba lenyewe lifunguliwe pande zote mbili na kupulizwa mpaka likauke kabisa. Pili, tumia mashine ya MIG, ile ya waya, yenye waya wa milimita 0.6. Mashine ya vijiti inafaa chesisi ya lori, lakini kwenye bati jembamba la geji 18 mikononi mwa mwanagenzi itatoboa kuliko itakavyounganisha. Tatu, praima ya zinki inayopakwa kati ya bati mbili kabla ya kuchomelea ni nzuri sana, lakini moshi wake una madhara, kwa hiyo fanyia kazi nje na uvae barakoa inayostahili.

Hatua ya 7. Mimina nta ya kuzuia kutu ndani ya vizingiti baada ya kazi yote ya moto, na hakikisha matundu ya kutolea maji yako wazi.

Hatua ya 8. Breki zitangulie injini. Badilisha mipira yote ya breki, silinda za magurudumu na silinda kuu, bila kuhurumia kitu kinachoonekana kizima.

Hatua ya 9. Injini iliyolala isipigwe stata kwanza. Tia oili kidogo ndani ya silinda kupitia matundu ya plagi, iache ikae, kisha izungushe kwa mkono. Oili ya injini ni lita 2.5, na kwa kuwa hakuna filta bali chujio la wavu tu, imwage mapema baada ya mwendo wa kwanza. Mwanya wa vali kwa injini nyingi za 1200 na 1300 ni milimita 0.15, injini ikiwa baridi kabisa. Mipira ya petroli inunuliwe mipya yote: inapita juu ya injini ya moto ambayo kasha lake ni la aloi ya magnesi, na magnesi ikishika moto haizimwi kwa maji.

Hatua ya 10. Puti, msasa, praima, rangi. Puti ni ya kusawazisha mabonde madogo juu ya bati safi. Juu ya kutu au juu ya tundu, puti hufyonza maji na kuyahifadhi.

MASWALI YA WANACHAMA

Mwana wa Keko: Mzee, somo ni refu. Kwa kifupi, nikipiga puti nzuri na kupaka rangi ya bei kubwa, haitadumu?

Jibu: Haitadumu. Hatua ya 6, kisha ya 10.

Mwana wa Keko: Lakini fundi wangu amesema itadumu.

Jibu: Basi mwombe akuandikie dhamana.

Binti wa Chuda: Shikamoo mwalimu. Gari la marehemu babu lina rangi nzuri pembeni, lakini bisibisi imezama kwenye kizingiti hadi mpini. Inakuwaje kutu ianzie ndani wakati mvua inanyesha nje?

Jibu: Marahaba mwanangu, na pole kwa kufiwa na babu. Swali lako ndilo ambalo wengi wangepaswa kuanza nalo. Nje ya kizingiti kuna rangi, kuna upepo na kuna jua, kwa hiyo maji hukauka upesi. Ndani hakuna hata kimoja. Maji huingia kupitia mipira ya milango iliyokauka na kupitia matundu ya bolti za ubao wa kukanyagia, yakichukua mchanga na chumvi. Mchanga huziba matundu ya chini, na chumvi hufanya kazi mbili: huvuta unyevu wa hewa hata wakati wa kiangazi, na hurahisisha mkondo wa umeme mdogo unaotafuna chuma. Mshono wa bati mbili ndio huathirika zaidi, kwa kuwa maji yakishajipenyeza hapo hayatoki. Rangi uliyoiona ilikuwa imebebwa na kutu yenyewe. Piga picha ya mgongo wa chesisi chini ya kiti cha nyuma uniletee, nikusaidie kujua gari la babu ni la mwaka gani.

Fundi Mabati: Nimechomelea magari kwa vijiti tangu ujana wangu na hakuna mteja aliyerudi. Ninyi wa vitabuni mnawadharau mafundi wa mitaani.

Jibu: Ndugu yangu, sijamdharau mtu. Mkono uliozoea unaweza kuchomelea bati jembamba kwa kijiti cha milimita 2 na umeme mdogo, na kwa gesi vilevile. Somo hili limeandikwa kwa kijana anayeshika mashine kwa mara ya kwanza, na nimeandika neno "mwanagenzi" kwa makusudi. Ungetueleza unavyopanga umeme wako, wengi wangefaidika.

Fundi Mabati: Sawa. Siri ni kuweka kipande cha shaba nyuma ya bati. Shaba hunyonya joto na haishikani na chuma, kwa hiyo tundu haliji.

Jibu: Hilo ni kweli, na linasaidia hata kwa MIG. Ahsante.

Mgeni wa Ngara: Nimesikia kwamba vipande vidogo vinaweza kutolewa kutu kwa umeme wa chaja na magadi. Je, ni kweli au ni hadithi za gereji?

Jibu: Ni kweli, na nafurahi umeuliza kabla ya kujaribu. Chukua ndoo ya plastiki, yeyusha kijiko kikubwa kimoja cha magadi kwa kila lita ya maji, na utumbukize bawaba au kipande chako kikiwa kimefungwa waya wa hasi wa chaja. Waya wa chanya ufungwe kwenye kipande cha chuma chakavu kisichogusana na cha kwanza. Utaona mapovu madogo yakipanda kwenye bawaba na uchafu wa kahawia ukielea juu kama povu la chai. Mapovu hayo ni haidrojeni, ambayo hulipuka, kwa hiyo fanyia kazi nje, na uzime chaja kabla ya kugusa waya. Usitumie chumvi badala ya magadi, kwa sababu chumvi hutoa gesi ya klorini, na usitumie chuma kisichoshika kutu upande wa chanya, kwa sababu hutoa sumu ndani ya maji. Ukimaliza, suuza, kausha na upake praima palepale, la sivyo kutu itarudi siku hiyohiyo.

Dereva Chipukizi: Gari langu ni la voltio 6. Naweza kuweka tu betri ya 12?

Jibu: Ukisema "tu", hapana. Utabadilisha balbu zote, koili, jenereta na regyuleta yake, na mota ya waipa.

Mama Sakina: Naongezea jambo kwa vijana. Kiti cha nyuma kina springi za chuma, na betri iko chini yake. Abiria mzito akikaa, springi hugusa vichwa vya betri na kiti kinawaka. Mume wangu ameweka kipande cha mpira wa mkokoteni juu ya betri.

Jibu: Mama, umenikumbusha jambo lililopaswa kuwa ndani ya somo. Gari lilitoka kiwandani na kifuniko cha betri, lakini kwa magari mengi kimekwisha kupotea. Mpira huo ufungwe kwa mkanda usihame, na betri yenyewe isiwe ndefu kwenda juu kuliko ya asili.

Mwana wa Keko: Nimesoma hatua ya 6. Badala ya nta, naweza kumimina oili chafu ndani ya kizingiti? Ni bure.

Jibu: Sasa tunaongea. Oili chafu huzuia kutu kwa muda, lakini hushuka chini yote na kuacha sehemu ya juu ya sanduku ikiwa kavu, huharibu ukanda wa mpira niliokutajia, na kwa Beetle hewa ya kupasha joto inapita humohumo, kwa hiyo harufu yake itaingia ndani ya gari. Nta ikikushinda bei, nunua grisi nyepesi, ipashe moto ndani ya maji ya moto mpaka ilainike, uichanganye na mafuta ya taa kidogo, uipulizie kwa bomba refu gari likiwa limekaa juani, mbali na moto wowote. Rudia kila mwaka kabla ya masika.

Mwana wa Keko: Na zile paipu za mraba nazitoa lini?

Jibu: Upande wa pili ukishamalizika na milango yote miwili ikifunga kwa vipimo vya kwenye karatasi. Si kabla ya hapo.