Mambo ya Kuzingatia Kabla ya Kupimwa Shingo Isiyo Imara

Anayeshukiwa kuwa pingili za shingo yake zinateleza kupita kiasi aanze na katazo moja, nalo ni kutomruhusu mkandaji, wala kinyozi anayemalizia kazi kwa kumwalisha mteja shingo, aiguse shingo hiyo. Najua kwamba hapa Mombasa wengi huona raha mifupa ikilia. Lakini kati ya pingili saba za shingo, mbili za juu ndizo zibebazo karibu nusu ya mgeuko wa kichwa, na kano inayozishikilia ikikatika kwa ajali au ikidhoofishwa na baridi yabisi, ugwe wa neva ulio nyuma yake huweza kubanwa.

Kabla ya siku ya kliniki, ziandikwe dalili pamoja na wakati zilipoanza: ganzi ya vidole, kuangusha vikombe, kushindwa kufunga vifungo vya shati, kuyumba mtu anapotembea. Miguu ikilegea ghafla au mkojo ukakataa kuzuilika, miadi isingojewe. Aende idara ya dharura saa ileile. Aliyeanguka kutoka mnazini au kwenye bodaboda naye asiketishwe kwenye tuktuk, bali alazwe bila kupindwa, kichwa kikishikwa kisitikisike, hadi ambulensi ifike.

Picha za zamani zichukuliwe zenyewe, si ripoti peke yake, kwa kuwa daktari hulinganisha nafasi iliyo kati ya pingili hizo mbili za juu: kwa mtu mzima, ikizidi milimita 3 huleta shaka, na kwa mtoto milimita 5. CT, yaani eksirei ya tabaka kwa tabaka, huonyesha mfupa vizuri zaidi, ilhali MRI, picha ipigwayo kwa sumaku, huonyesha ugwe na kano, na kwa MRI pini za mtandio na hirizi yenye chuma huvuliwa, na mwenye kifaa cha moyo hutangulia kusema. Eksirei ya kuinamisha na kuinua shingo hupigwa kwa idhini ya daktari, mgonjwa akijisogeza mwenyewe pale anapoweza tu.

Anayetoka Likoni achague saa ambayo feri haina msongamano. Kuhusu malipo, SHA, mamlaka ya bima ya afya ya serikali, ilichukua nafasi ya NHIF mwezi Oktoba 2024, hivyo usajili na idhini viulizwe mapema.

Si kila shingo hupasuliwa. Baadhi hutosheka na kola ya kushikilia shingo na mazoezi ya tiba. Ikiamuliwa pingili ziunganishwe kwa skrubu na kipande cha mfupa, sigara iachwe, kwani huchelewesha mfupa kushikana, na dawa za kuzuia damu kuganda zitajwe. Dereva wa matatu, hasa, aulize kabla ya kutia sahihi ni kiasi gani ataweza tena kugeuka kutazama nyuma.