Kamera ya Wikendi Ikigeuka Ajira: Saa, Bei na Barua ya Kuacha Kazi

Fungua folda ya picha zako za mwaka uliopita uzigawe mafungu mawili: zile ulizopiga kwa sababu ulitaka mwenyewe, na zile ulizopiga kwa sababu mtu mwingine alizihitaji. Kwa wengi fungu la kwanza limejaa machweo, ndege na barabara zenye maji ya mvua. La pili lina picha chache za sherehe ya rafiki na za mfanyakazi mwenzako aliyeomba picha ya wasifu. Biashara hutoka kwenye fungu la pili. Picha za mandhari husifiwa sana na hulipiwa kwa nadra. Kinacholipiwa mwezi baada ya mwezi ni watu, bidhaa, majengo na matukio. Fungu la pili likiwa halifiki hata picha mia, barua ya kuacha kazi isubiri, hata kama la kwanza linapendeza namna gani.

Chagua tawi moja la kuanzia, na ulichague kwa kuangalia saa. Matukio mengi huangukia jioni na wikendi, kwa hiyo yanakaa vizuri na mtu aliyeajiriwa. Bidhaa ndogo hupigwa usiku juu ya meza, kwa taa mbili na karatasi nyeupe ya usuli. Majengo yanataka mwanga wa mchana, na picha za wafanyakazi wa kampuni hupigwa saa zilezile ambazo wewe uko ofisini kwako. Mawili haya ya mwisho yaache hadi uwe huru, vinginevyo utaanza kuomba ruhusa za uongo, na hapo ndipo ugomvi na mwajiri huzaliwa.

Mkataba wa ajira kwanza

Usome mkataba wako wote kabla ya kumtoza mtu yeyote. Tafuta mambo manne: kama unaruhusiwa kufanya kazi nyingine nje ya saa za ajira au unatakiwa kuomba kibali cha maandishi, nani anamiliki unachokitengeneza ukiwa mwajiriwa, kama kuna zuio la kuwahudumia wateja wa mwajiri baada ya kuondoka, na notisi ni ya muda gani. Penye kibali, omba kwa maandishi na utunze jibu. Kompyuta ya ofisi, programu iliyolipiwa na ofisi na barua pepe ya ofisi visiguse kazi yako hata siku moja. Picha iliyohaririwa kwenye kompyuta ya mwajiri inaweza kumpa hoja ya kuidai, na mtu akipenda kukusumbua, hapo ndipo atakapoanzia.

Jipime kwa oda

Mpenda picha huchagua mwanga, mahali na saa. Mpiga picha wa kulipwa hupewa ukumbi wenye dari jeusi saa mbili usiku. Kwa hiyo jipime hivi: mwambie rafiki akuandikie orodha ya picha 12 anazozitaka, akupangie chumba kisichokuvutia, na akupe saa mbili tu. Ukirudi na 10 zinazofaa, endelea. Ukirudi na tano nzuri ajabu na saba hazipo, bado. Mteja hatazihesabu zile tano, ataulizia zile saba.

Ndani ya ukumbi wenye mwanga hafifu, anza na lenzi iliyofunguliwa f/2.8 (tundu pana linalopitisha mwanga mwingi), kasi ya shata, yaani pazia la kamera, kati ya 1/125 na 1/200 ya sekunde, na ISO (wepesi wa kamera kuhisi mwanga) kati ya 1600 na 6400, halafu urekebishe. Tatizo linalowashika wengi ni taa za LED. Baadhi yake huwaka na kuzima haraka kuliko jicho linavyoona, na picha hutoka na mistari ya giza iliyokatiza. Umeme wa herzi 50 unataka kasi ya 1/50 au 1/100. Wa herzi 60 unataka 1/60 au 1/120. Shata ya kielektroniki, isiyotumia pazia linalosogea, huzidisha mistari hiyo kwenye kamera nyingi, kwa hiyo chini ya taa usizozijua tumia ya kimakanika. Piga picha tatu za majaribio kabla wageni hawajaingia, uzikuze kwenye skrini uzikague. Mistari hii ikishaingia, kuiondoa wakati wa kuhariri ni kazi ya usiku kucha, tena mara nyingi bila mafanikio.

Saa sita ni saa kumi na nane

Hapa ndipo wengi huumia, kwa sababu kazi ambayo mtu aliifanya kwa starehe hakuwahi kuipimia muda. Chukua tukio la saa sita. Utarudi na picha kama 1,500. Kuchambua tu, kwa sekunde tano kila picha, ni saa mbili na dakika tano. Ukibakiza 400 na kuzihariri kwa dakika moja kila moja, ni saa sita na dakika arobaini. Ongeza saa mbili za maandalizi na safari, na saa moja na robo ya kupakia, kuandikiana na mteja na kukabidhi. Jumla ni saa kumi na nane. Aliyetoza saa sita amelipwa theluthi ya kazi yake, na ndiyo maana anachoka huku akiba haiongezeki.

Kwa hiyo fanya kazi 10 za kulipwa ukiwa bado na mshahara, na kila moja uiandikie mistari mitano: saa za maandalizi, za safari, za kupiga, za kuhariri na za mawasiliano. Mali bila daftari huisha bila habari, na saa ndiyo mali yenyewe hapa. Ukitaka kumpunguzia bei mteja wa mwanzo, andika kwenye ankara bei kamili, chini yake punguzo, kisha anacholipa. Asipoiona bei kamili, ataichukua ile ndogo kuwa ndiyo bei yako, na atawaambia wenzake hivyo.

Kupanga bei

Mwaka una wiki 52. Toa sita za likizo, ugonjwa na sikukuu, zibaki 46. Kwa siku tano za kazi kila wiki ni siku 230. Lakini hutapiga picha siku 230. Kila siku ya kupiga inafuatwa na siku moja na ushei ya kuhariri, na kutafuta wateja nako kunakula siku zake. Siku 80 za kupiga kwa mwaka ni makadirio ya mtu anayefanya kazi kwa bidii.

Sasa yaite matumizi yako ya nyumbani ya mwezi mmoja 100, kwa fedha yoyote ile. Kwa mwaka ni 1,200. Gharama za kazi, yaani safari, programu, intaneti, matengenezo na bima, tuseme 300. Uchakavu wa vifaa 120. Kodi na michango 180. Jumla 1,800, gawa kwa 80, upate 22.5. Maana yake kila siku ya kupiga picha lazima ilete karibu robo ya matumizi yako ya mwezi. Wanaoiona hesabu hii kwa mara ya kwanza hudhani wamekosea. Weka tarakimu zako mwenyewe badala ya hizi, na kiwango cha kodi ukiulizie kwa mamlaka ya kodi, si kwa mtu wa kijiweni.

Sehemu ya uchakavu nayo usiikadirie kwa mazoea ya wikendi. Shata za kimakanika hutajwa na watengenezaji kwa idadi ya mibofyo, na kamera nyingi za daraja la kati huwa kati ya 100,000 na 200,000. Anayepiga kwa starehe picha 10,000 kwa mwaka atazeeka na kamera yake. Anayepiga siku 80 kwa picha 1,500 anafikisha mibofyo 120,000 kwa mwaka mmoja. Kwa hiyo gawa bei ya kamera kwa miaka miwili au mitatu, si kwa kumi. Lenzi hudumu zaidi; hizo unaweza kuzigawa kwa mitano au sita.

Vifaa na nakala

Usinunue kamera mpya kubwa. Nunua ya pili. Iliyotumika inatosha, mradi itumie lenzi na betri zilezile, kwa sababu siku kamera uliyonayo itakapogoma ni siku ya tukio la mtu. Kamera ya kazi iwe na nafasi mbili za kadi, nawe uiamuru iandike kwenye zote mbili kwa pamoja. Betri nne zilizojaa, flashi mbili, na chaja ndani ya begi. Kadi ya gigabaiti 64 inaenea tukio moja: faili ghafi (RAW, yaani picha ambayo kamera haijaichakata) ya kamera ya megapikseli 24 ina takriban megabaiti 25 hadi 30, hivyo picha 1,500 hufika gigabaiti 45 hivi.

Zidisha mara 80 upate terabaiti 3.6 kwa mwaka, kabla ya nakala. Kanuni ni nakala tatu, kwenye vyombo viwili tofauti, na moja iwe nje ya nyumba yako. Kadi usiifute hadi nakala zote tatu zimekamilika na umefungua picha kadhaa kutoka kila moja, kwa sababu diski mbovu hupokea faili kimya na kukurudishia takataka. Kwenye mkataba taja muda wa kutunza picha baada ya makabidhiano, kwa mfano miezi 12, la sivyo utakuwa ghala la bure la watu.

Karatasi

Mkataba wa ukurasa mmoja unatosha ukiwa na haya: tarehe, mahali na saa, idadi ya picha zitakazokabidhiwa, siku za kukabidhi, bei na jinsi inavyolipwa, kinachotokea kazi ikifutwa, idadi ya marekebisho, na matumizi ya picha. Arbuni ya nusu ndiyo inayofunga tarehe, na salio lilipwe kabla picha za mwisho hazijatoka. Hapa rafiki na ndugu ndio wanaokwama zaidi, nao pia watie saini. Ahidi siku 14, ukabidhi siku ya 10. Marekebisho yawe raundi moja. Ya pili inalipiwa. Faili ghafi hazitolewi.

Kuhusu hakimiliki, sheria zinatofautiana nchi na nchi: kwingine picha hubaki mali ya aliyepiga, kwingine picha iliyoagizwa huwa ya aliyeagiza. Andika wazi mteja anaruhusiwa kuitumia wapi na kwa muda gani. Picha ya tangazo la biashara isilingane bei na picha ya kuning'iniza sebuleni, na watu wanaoonekana kwenye tangazo watie saini ya ridhaa.

Fungua akaunti ya benki ya kazi peke yake. Kila malipo yakiingia, sehemu ya kodi itoke siku hiyohiyo kwenda akaunti nyingine.

Lini kuondoka

Notisi iandikwe masharti haya yote yakitimia kwa pamoja: akiba ya matumizi ya miezi sita, miezi mitatu mfululizo ambayo kazi ya pembeni imeleta angalau nusu ya matumizi yako kwa jioni na wikendi pekee, wateja watatu au zaidi wasiohusiana, na hakuna mteja mmoja anayeleta zaidi ya sehemu mbili kwa tano za mapato. Sharti la mwisho ndilo hupuuzwa. Mteja mkubwa mmoja huonekana kama uhuru, kumbe ni mwajiri mwingine, tena asiyetoa notisi.

Mbali na ile akiba, tenga fedha ya kusubiria malipo. Kampuni nyingi hulipa siku 30 au 60 baada ya ankara, na wewe utakuwa umeshalipa nauli na msaidizi. Kabla ya kuondoka, orodhesha pia kile ambacho mshahara ulikuwa unakilipa bila wewe kukiona, kama bima ya afya, michango ya pensheni na likizo yenye malipo, ukiingize kwenye ile hesabu ya 1,800. Ondoka kwa amani na ukabidhi kazi vizuri. Ofisi ya zamani inaweza kuwa mteja wako wa kwanza, ikiwa mkataba hauzuii.

Na yale machweo? Usiyauze. Liache tawi moja la picha bila mteja, bila tarehe na bila kuonyesha mtu, na ulitengee nafasi kwenye kalenda, asubuhi moja kila wiki, kwa lenzi usiyoitumia kazini. Asiyefanya hivyo, kamera huwa kifaa cha ofisi ndani ya miezi michache, na uchovu wake huonekana kwanza kwenye picha za wateja.

Miezi 12 ikitimia, rudia hesabu ya bei kwa tarakimu za daftari lako, maana sasa unajua siku zako halisi za kupiga, kama ni 80 au 55. Bei mpya ianze mara moja kwa wateja wapya; wa zamani wape taarifa ya siku 30 kwa maandishi. Kazi ambazo arbuni yake imeshalipwa zimalizwe kwa bei ya zamani.